Sauti Uliyomchagulia Mama Yako

Nyumba ya Pili, Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi ziwe kwako, kwa mkeo na kwa watoto wenu. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya njema, na kwamba kile kikohozi cha mkeo ulichokitaja kimekwisha. Kama bado kinamsumbua, asikae akinywa dawa za kuambiwa na rafiki zake. Aende kwa daktari apimwe. Watoto nao waambie kwamba babu yao wa huku anawaulizia, hata kama sauti yangu hawaijui vizuri.

Mimi mjomba wako sijambo. Goti la kushoto bado linanitawala, hasa ninapopanda ngazi, na jino moja limeniaga majuzi bila fujo. Zaidi ya hayo, nakula, nalala, nasoma gazeti na kulisahihisha kwa kalamu nyekundu, ingawa ni muda mrefu tangu chumba cha habari kinipe mkono wa kwaheri. Mdogo wako naye hajambo. Bado yuko kwenye kiwanda cha mikate, na zamu yake huanza alfajiri, kwa hiyo asubuhi zote mama yako huwa peke yake. Habari za mama yako ni ndefu, nazo ndizo zilizonikalisha mezani leo.

Ningeweza kukupigia simu. Sikutaka. Simu zetu zina tabia ya kukatika pale mazungumzo yanapoanza kuwa machungu, kisha unaniletea ujumbe kwamba mtandao ulisumbua. Barua haina mtandao wa kusumbua. Ikikuchosha utaiweka chini, na kesho utaikuta palepale ulipoiacha.

Nianze na suala la ile mitambo ya sauti, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenikabidhi kazi ya kuichagua. Ulinieleza kwamba unataka sebule ya mama yako iwe kama ukumbi wa sinema: runinga kubwa ukutani, amplifaya ya kugawa sauti, spika tano na sabufa, ili sauti imzunguke mtu pande zote. Ulisema macho ya mama yako yamekwisha lakini masikio yake ni mazima, basi tuyape masikio haki yao. Nilikusifu siku hiyo, wala sikukusifu kwa unafiki. Ulisema pia, naye akiwa anasikia kwa sababu simu ilikuwa mezani imewekwa kwa sauti ya juu, kwamba utakuja mwezi wa nane, na kwamba kila jioni mtakaa pamoja mkifuatilia hadithi za runingani, nawe utamsimulia yale asiyoyaona. Yakumbuke vizuri maneno hayo. Yeye anayakumbuka.

Kazi niliifanya kwa uangalifu. Nilipima sebule mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani. Chumba ni chembamba, sakafu ni ya saruji, dari ni la mbao nyepesi, na ukuta mmoja tunachangia na jirani, yule mama yenu wa pacha. Nikaenda maduka mawili, nikauliza maswali mpaka wauzaji wakaanza kutazama saa. Nilichojifunza ni hiki. Spika mbili za mbele hubeba muziki, na mambo yanayopita kutoka upande huu kwenda upande ule. Mbili za nyuma hubeba vitu vidogo vinavyomfanya mtu adhani yumo ndani ya hadithi: mvua, nyayo, ndege, mlango unaofungwa. Sabufa hubeba ngurumo. Lakini maneno ya watu, karibu yote, hutoka katika spika moja tu, ile inayokaa katikati, chini ya runinga.

Nikajiuliza, mtu asiyeona anahitaji nini? Anahitaji maneno. Kwa hiyo niliamua kwamba tutafute kwanza spika nzuri ya katikati, na hizo nyingine ziifuate kwa adabu. Sabufa nilitaka iwe ndogo, kwa sababu chumba chembamba chenye sakafu ngumu huigeuza ngurumo ndogo kuwa fujo.

Mama yako nilikwenda naye dukani, maana sikuona sababu ya kumchagulia mtu sauti wakati masikio anayo. Duka liko ghorofani, juu ya duka la rangi. Alipanda ngazi akiwa amenishika begani, akihesabu kila ngazi kwa mdomo, akafika juu akiwa na nguvu kunishinda mimi. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye mkufu shingoni, alitupokea kwa bashasha ya mtu aliyekwisha kuona pochi yako kwa mbali.

"Mzee wangu, huu mzigo ukiuwasha, jirani anahama mwenyewe," aliniambia, akipigapiga sanduku kubwa jeusi.

Mama yako ndiye aliyejibu. "Jirani yangu ndiye anayenisomea maandishi ya chupa za dawa. Akihama, utakuja kunisomea wewe?"

"Nitakuja, bibi. Nitakuja na miwani yangu."

"Njoo na adabu pia."

Muuzaji alicheka, akamfutia kiti. Kisha akatuwekea picha ya vita, yenye helikopta na mabomu, kwa sababu wauzaji wote hudhani hakuna mtu anayenunua spika ili asikilize watu wakizungumza. Mama yako alivumilia mpaka mwisho, mikono mapajani. "Hao wamekwisha kuuana?" aliuliza. "Haya, sasa niwekee taarifa ya habari."

Alisikiliza seti ndogo kwanza, ile niliyoipendekeza mimi. Akainamisha kichwa upande kama afanyavyo. "Huyu mtangazaji ana mafua," alisema. "Na amevaa bangili. Inagonga meza kila akigeuza karatasi." Muuzaji akaitazama runinga, akaiona bangili. Kisha tukawasha ile seti kubwa. Mama yako alikunja uso. "Sasa huyu dada wamemtia ndani ya pipa."

Kwa hiyo tulikuwa tumekwisha kuchagua, mpwa wangu. Nataka ulijue hilo. Mama yako alichagua kwa masikio yake mwenyewe, katika chumba kilekile zilimokuwa spika, na alichagua vizuri. Ndipo ulipopiga simu.

Nadhani unakumbuka ulivyoniambia niishike simu karibu na spika. Nikaishika. "Karibu zaidi, mjomba. Hebu hiyo ndogo. Mbona imepooza hivyo?"

Nikakwambia, "Imepooza kwenye simu. Humu ndani ni safi, mama yako anasikia mpaka bangili."

"Weka ile nyingine."

Muuzaji alikuwa anasikia kila neno, naye si mjinga. Aliizungusha sauti mpaka mwisho, na vioo vya makabati vikaanza kugongana. "Hiyo ndiyo mashine," ulisema. "Hiyo hata mimi huku nimeisikia kifuani."

"Kifuani, sawa. Maneno je, umeyasikia?"

"Maneno yatakaa sawa ikishafungwa. Vitu hivi mimi huku naviona kila siku, mjomba. Mpe mama simu." Ukamuuliza kama ameipenda. Naye, baada ya kunionyesha kwa uso wake wote kwamba hakuipenda, alisema, "Ukiipenda wewe, baba, mimi nimeipenda."

Simu ina spika ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kila kilicho laini hukiacha njiani, na kelele tu ndizo hufika. Hukuwa unalinganisha seti mbili. Ulikuwa unasikiliza simu yako mwenyewe. Nilikueleza hilo jioni ileile, ukacheka, ukaniita mwalimu. Sikuwahi kuwa mwalimu. Nilikuwa msahihishaji wa gazeti, na kazi yangu ilikuwa kuona kosa kabla halijachapishwa. Hili nililiona, likachapishwa hivyohivyo.

Mitambo ikaletwa. Fundi uliyemtafuta wewe, huyu wanayemwita Volteji, alikuja na ngazi na mfuko wa misumari, akatembea sebuleni akipiga makofi ili asikie mwangwi. Kisha akauliza swali la maana: "Msikilizaji mkuu atakaa wapi?"

Nikamwonyesha kiti cha mama yako, kile cha mbao chenye mikono, kilichokaa dirishani tangu macho yake yalipoanza kumwacha. Pale alikuwa anasikia nani anapita barabarani, nani amerudi na hasira, mvua inatokea upande gani.

"Pale haiwezekani, mzee. Pale ni nyumba ya spika ya nyuma, ya kulia."

"Spika ihame."

"Spika haihami, mzee. Watu ndio huhama." Alilisema hilo bila ubaya wowote, misumari ikiwa mdomoni, akiendelea kupima ukuta.

Tukakupigia simu. Wewe ukasema kochi kubwa likae katikati ya chumba, likiitazama runinga. "Hapo ndipo nitakapokaa mimi nikija," ulisema, "na mama ubavuni kwangu." Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akitabasamu kwa namna ambayo sijaiona kwake kwa miaka. Tangu dakika hiyo, neno langu halikuwa na uzito tena katika nyumba ile.

Kochi lile ni la chini. Nyonga zake hazimruhusu kuinuka humo bila kuvutwa mikono, na kwa kuwa liko katikati ya chumba, hakuna ukuta wa kumwongoza kulifikia. Kwa hiyo yeye halikalii. Amelitandika shuka safi na hataki mtu mwingine alikalie pia. Mdogo wako alijisahau siku moja akitoka kazini, akajitupa pale na unga wake kichwani. Akaambiwa, "Inuka, hapo pana mwenyewe."

Kiti chake cha mbao kilisukumwa hadi nafasi pekee iliyobaki, kwenye kona karibu na mlango wa ukumbi mdogo unaoelekea chumbani kwake. Kona hiyo iko chini kabisa ya spika ya nyuma ya kushoto. Nimekwisha kukueleza spika za nyuma zinabeba nini. Mama yako sasa anasikia nyayo. Anasikia mvua, ndege, milango na vikombe. Maneno yanamfikia kama ya watu walio nyumba ya pili, tena huku sabufa ikiyakanyaga. Nilimuuliza siku moja hadithi yao ya runingani imefika wapi. "Jana walikuwa na harusi," alisema. "Bwana harusi alikuwa na viatu vipya, vinalia. Alichokisema, sijui." Alicheka. Mimi sikucheka.

Zamani mama wa pacha alikuwa anakuja karibu kila jioni kusikiliza pamoja naye, na kubishana juu ya nani katika hadithi ana haki na nani ni mwongo. Sabufa ilipoanza kazi, sahani zake zilitetemeka kabatini upande wa pili wa ukuta, na wanawe wakashindwa kulala mchana. Alikuja kuomba sauti ipunguzwe. Ikapunguzwa. Ikipunguzwa, maneno ambayo yalikuwa hafifu hupotea kabisa. Sasa jirani anakuja asubuhi tu, kusoma chupa za dawa, kwa haraka, akiwa amesimama. Hakuna ugomvi. Hakuna tu cha kukaa kusikiliza.

Hayo yote ningeyavumilia, na pengine nisingekuandikia. Ninayokuja kukwambia sasa mama yako amenikataza kuyasema. Namheshimu dada yangu, lakini katika hili simtii.

Sanduku la sabufa lilihitaji kona, na kona iliyobaki ilikuwa ile iliyo kati ya kiti chake na mlango wa ukumbi. Ukuta ule ndio njia yake. Hupitisha mkono juu yake anapokwenda chumbani, anapokwenda bafuni, anapokwenda kufungua mlango. Nilimwonya Volteji. Akasema sabufa ikiondoka kwenye kona hupoteza nguvu, na kwamba wewe uliagiza isipoteze nguvu. Mama yako akasema atalizoea, ni sanduku tu, si ng'ombe.

Hakulizoea. Asubuhi moja mama wa pacha alibisha hodi, mama yako akainuka haraka kitandani kwenda kumfungulia, mkono ukiwa ukutani. Goti likakutana na sanduku, waya ukamzunguka kifundo cha mguu, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Jirani alimsikia akianguka, akazunguka kwa mlango wa nyuma, akamkuta ameketi sakafuni akipapasa, si mkono wake, bali sanduku, kuona kama limeharibika.

Ana plasta hadi kwenye kiwiko. Daktari anasema kwa umri wake itachukua muda, na huenda vidole visirudi kama zamani. Hawezi kujifunga kanga yake, hawezi kuchana nywele. Mdogo wako humwogesha kabla ya kwenda kazini, taa zikiwa zimewashwa kwa ajili ya mmoja wao tu.

Siku ileile ulimpigia simu. Alizungumza nawe nusu saa nzima akiwa na mkono ndani ya plasta mbichi. Ulimuuliza sauti ikoje, akakwambia ni nzuri mno, inamzunguka kama ulivyosema. Ulimuuliza hali, akakwambia ni mzima. Baadaye ukanipigia mimi, ukaniambia kwa furaha, "Mama anasikika mzima kabisa, mjomba, hata sauti imetulia." Niligeuza mazungumzo, kwa sababu alikuwa ameketi mbele yangu akinitikisia kidole cha mkono wa kushoto.

Nilitaka sanduku lile litoke siku hiyohiyo. Nilikwisha kulishika. Alinisikia nikilivuta sakafuni, akaniambia niliache. Nikamwambia litamuua. Jibu lake naliandika kama alivyolitamka, nisije nikaliharibu: "Fundi alisema kila kitu kimepimwa kwa mtu atakayekaa pale katikati. Ukilisogeza, siku akija atasikia vibaya. Atadhani hatukumngoja."

Tangu hapo, mpwa wangu, mama yako hapiti tena njia ile. Akitaka kwenda chumbani kutoka sebuleni, anatoka kwa mlango wa mbele, anashika ukuta wa nje, anazunguka nyumba, anaingia kwa mlango wa nyuma. Mwanamke asiyeona, mwenye mkono mmoja, anazunguka nyumba yake mwenyewe kwa nje, mvua ikinyesha na isiponyesha, ili asiligonge sanduku linalomngoja mtu. Wapita njia humsalimu, wakidhani anapunga upepo. Naye huwajibu kwamba ndiyo, anapunga upepo.

Sasa nifike kwenye simu yako ya Alhamisi. Uliniambia kazini wamekunyima likizo, kwamba mkataba mpya umekubana, kwamba mwezi wa nane huji, na mwaka kesho nao una mashaka. Sikukatizi katika mambo ya kazi. Nimeajiriwa maisha yangu yote na najua mwajiri ni nani. Nilichokataa kukisikia ni yale yaliyofuata. Ulisema, "Mwambie taratibu, mjomba, wewe ndiye unayejua kuongea naye." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejifariji, ukaongeza, "Afadhali sasa ana sauti nyumba nzima, hatakuwa mpweke."

Simu ilikatika baada ya hapo. Safari hii niliikata mimi.

Nimelifikiria ombi lako kwa siku tatu, na jibu langu ni hapana. Sitamwambia, si taratibu wala kwa haraka. Mimi si mkalimani kati ya mtu na mama yake. Ahadi ile uliitoa kwa kinywa chako, naye aliipokea kwa masikio yake, hakuna aliyekaa katikati. Kuivunja nako kufanyike hivyo. Ukimtuma mtu, mama yako atafanya kile anachofanya siku zote: atasema nimesikia vibaya, kwamba mjomba wenu amezeeka, kwamba mwanawe hawezi kusema hivyo. Na ataendelea kungoja, na kuzunguka nyumba.

Usidhani naandika ili kukulazimisha uje. Ningependa uje, lakini mtu anayekuja kwa kusukumwa hukaa akitazama begi lake. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho, nacho ni kigumu zaidi. Chagua moja kati ya mawili. Ama mpe siku, siku yenye tarehe, ambayo wewe mwenyewe unaiamini. Au mwambie kwamba siku hakuna. Usiseme tutaona, usiseme labda, usiseme Mungu akipenda, kana kwamba Mungu ndiye aliyesaini mkataba wako. Sema neno moja linaloeleweka, kisha usikate simu mpaka yeye aikate.

Ukimwambia hakuna siku, atalia. Najua atalia, na mimi ndiye nitakayekuwa karibu. Lakini siku itakayofuata nitamwita Volteji na ngazi yake. Sabufa itatoka. Spika za nyuma zitatoka, na zile mbili za mbele pia. Vijana wa ukumbi wa mtaa watazipokea kwa mikono miwili. Kochi litarudi ukutani. Kiti cha mbao kitarudi dirishani. Itabaki spika moja tu, ile ya katikati, na nitaifunga kwenye ukuta karibu na sikio lake, mahali ambapo mtangazaji mwenye mafua hatamtoroka. Hiyo ndiyo seti ambayo mama yako alihitaji tangu mwanzo, mpwa wangu: kitu kimoja kinachosema maneno, kimekaa karibu naye.

Usinijibu mimi. Sihitaji maelezo, wala sitaki kusikia habari za mkataba mara ya pili. Ukimaliza kusoma, piga simu ya mama yako, si yangu. Piga asubuhi, baada ya mdogo wako kwenda kazini, ili mama yako asilazimike kuigiza furaha mbele ya mtu. Na umuulize habari za mkono wake wa kulia kabla ya jambo jingine lolote, apate kujua kwamba sasa unajua.

Huku wote wanakusalimu. Mdogo wako anakusalimu, na anauliza kama ni kweli huko mikate huuzwa ikiwa imekwisha kukatwa, maana kiwandani kwao wanabishana. Mama wa pacha anakusalimu pamoja na wanawe, ambao sasa wanatembea na kuvunja kila wanachokifikia. Hata Volteji ameniambia nikusalimu. Anakuita mteja mkubwa. Nisalimie mkeo kwa heshima, na wabusu watoto vichwani.

Mama yako anakusalimu sana. Ameketi hapa kitini kwake, ananisikia nikiandika. Ameniuliza mbona kalamu inakwaruza kwa nguvu hivyo, nikamwambia ni karatasi mbaya.

Mwenyezi Mungu akulinde katika nchi ya watu, akulindie na familia yako, na akupe kifua cha kusema kweli kwa mwanamke aliyekuzaa.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata leo.